Unasoma sana lakini hakikai kichwani? Funga kitabu kwanza

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu nimeuweka kiporo muda mrefu, leo nauanza. Namlenga yule anayesoma kwa bidii kweli, anakaa na daftari saa nne mfululizo, halafu akiingia kwenye chumba cha mtihani anatoka kapa. Watu wanamwambia kichwa chake kizito, au hajitumi. Si kweli. Anajituma sana, ila nguvu zote anazimimina kwenye kazi isiyojenga kumbukumbu, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamwonyesha.

Nilikuwa mtu huyo. Kuna mtihani niliusomea wiki tatu. Notisi zangu nilizipitia kuanzia mwanzo hadi mwisho mara tano au sita, na karibu kila ukurasa niliupaka kalamu ya njano. Swali la pili likauliza jambo nililojua kabisa kwamba nimelisoma. Nikauona ukurasa wenyewe: upande wa kushoto, chini, pembeni kuna mchoro mdogo, na aya ina mistari mitatu ya njano. Niliuona kama nimeushika mkononi. Maneno yaliyokuwa ndani ya ile njano hayakuja. Nikakaa dakika kumi nayatafuta, nikaruka nafasi, nikaenda swali linalofuata, hali ikawa ile ile. Nikafeli. Na kilichoniuma kuliko alama ni kwamba niliingia pale nikiwa na uhakika.

Ule uhakika ulitoka wapi? Hapo ndipo pa kuanzia.

Ukisoma ukurasa mara ya kwanza unakwenda taratibu, unasimama, unarudi nyuma. Mara ya nne macho yanateleza tu, kila sentensi unaijua kabla hujaimaliza. Akili inauchukua ule wepesi na kusema "hii ninayo". Kumbe ulichonacho ni mazoea: ukiliona jambo unalitambua. Mtihani haukuletei jambo ulitambue, unakutaka ulitoe mwenyewe kutoka kichwani. Chukua mtu unayepishana naye kila asubuhi. Sura yake unaijua hata katikati ya umati, lakini nikikwambia unielezee nyusi zake zikoje, utakwama. Kutambua na kukumbuka ni kazi mbili tofauti, na wengi wetu tunafanya mazoezi ya ile ya kwanza halafu tunapimwa kwa ile ya pili.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa njia rahisi sana. Wanafunzi walipewa kifungu cha maandishi. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, vipindi vitatu vilivyobaki likafunga karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nyingi waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka. Waliosoma tu walibaki na asilimia 40, waliokuwa wakijikumbusha walikuwa na 61. Halafu kuna hili la kusikitisha: walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani, waliosoma mara nyingi ndio waliojiamini kuliko wenzao.

Nilipokutana na matokeo hayo niliziona zile wiki zangu tatu na kalamu ya njano.

SASA KUFUNGA KITABU KUNAFANYIKAJE

Nitaonyesha kwa mfano, kwa sababu maneno "jipime mwenyewe" kila mtu ameyasikia na hayamsaidii.

Tuseme unasoma mzunguko wa damu. Unasoma kurasa zako tatu kwa utulivu, mara moja, kwa nia ya kuelewa. Usipige mistari. Ukimaliza, funga kitabu, kiweke mbali, si pembeni kikiwa wazi. Chukua karatasi nyeupe, andika juu "Mzunguko wa damu", kisha andika unachokumbuka.

Utaanza vizuri: damu yenye hewa chafu inarudi kutoka mwilini, inaingia chumba cha juu cha kulia, inashuka chumba cha chini cha kulia, inakwenda kwenye mapafu. Halafu unakwama. Inarudi kwa mshipa upi? Vali zilikuwa ngapi? Hapo mkono unawasha kufungua kitabu. Usifungue. Kaa dakika moja, mbili. Zunguka: ikitoka kwenye mapafu ina oksijeni, kwa hiyo lazima ipelekwe mwilini, anayesukuma kwenda mwilini ni upande wa kushoto, basi lazima imeingia kushoto. Umeona? Umeipata kwa kuifikiria, na ukiipata hivyo haitoki kirahisi.

Vilivyogoma kabisa viache na alama ya kuuliza. Sasa ndipo unafungua kitabu, unachukua kalamu ya rangi nyingine, nyekundu kwa mfano, unajaza mapengo na kurekebisha makosa. Ile karatasi ikiisha inakupa kitu ambacho kurudia kusoma hakiwezi kukupa: ramani ya usichokijua. Kilicho cheusi kinaweza kusubiri, chekundu ndicho cha kesho. Mimi karatasi zangu za kwanza zilikuwa nyekundu robo tatu. Wiki ya pili nusu. Niliendelea kuzitunza kwenye bahasha kwa tarehe, na siku nilipokata tamaa nilizitoa nikazipanga mezani.

Lazima niseme ukweli hapa ili usije kuacha siku ya pili: inachosha, na inakufanya ujione hujui. Kusoma tena kunaliwaza, karatasi nyeupe inaumbua. Lakini ule ugumu unaousikia unapotafuta jibu ndio kazi yenyewe inayofanyika. Usiusome kama dalili ya kushindwa.

Na kusahihisha usiruke. Ukijikumbusha jambo kwa makosa ukaliacha, kosa nalo linaota mizizi.

SEHEMU YA PILI: SIKU ZA KUACHA KATIKATI

Naendelea, samahani kwa kuchelewa.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus ndiye aliyeanza kupima kusahau kwa namba, akachapisha kazi yake mwaka 1885. Alijitumia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri, akasubiri, kisha akapima ameokoa muda kiasi gani anapozikariri upya. Baada ya kama dakika 20 akiba ilikuwa imeshuka hadi asilimia 58 hivi. Baada ya siku moja, karibu theluthi. Baada ya mwezi, takriban asilimia 21. Angalia umbo la huo mteremko: unaporomoka mwanzoni, kisha unalala. Hasara kubwa inatokea siku ya kwanza.

Silabi zisizo na maana zinasahaulika haraka kuliko somo unalolielewa, kwa hiyo namba hizo usizibebe kama zilivyo. Umbo ndilo la kuchukua. Maana yake ni kwamba ukisoma leo na kurudi baada ya wiki tatu, unakuta mengi yameshakwenda. Ukirudi kesho, unakuta baadhi yamelegea lakini bado yanavutika. Ukiyavuta, mteremko unaofuata unakuwa mpole zaidi. Ndiyo sababu saa nne za Jumamosi hazilingani na saa moja moja katika siku nne, ingawa kwa hesabu ni zile zile.

Pengo liwe la muda gani? Inategemea unataka kukumbuka mpaka lini. Nicholas Cepeda na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti uliohusisha watu zaidi ya 1,300. Waliotakiwa kukumbuka baada ya wiki moja walifaidika zaidi walipopitia tena baada ya siku 1 hivi. Waliotakiwa kukumbuka baada ya siku 350 walifaidika zaidi na pengo la kama siku 21. Kadiri safari ilivyo ndefu, ndivyo mapengo yanavyotanuka.

Mimi natumia utaratibu rahisi: kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi. Sijifungi sana. Ikipita siku mbili zaidi hakuna kilichoharibika.

Kwa mambo madogo madogo, kama msamiati, fomula, miaka na majina ya sehemu, kuna kisanduku cha kadi. Wazo lilienezwa na mwandishi wa habari Sebastian Leitner mwaka 1972. Unakata kadi ndogo, swali mbele, jibu nyuma. Kisanduku kina vyumba vitano. Kadi zote zinaanzia chumba cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia chumba kinachofuata, ambacho unakifungua mara chache zaidi. Ukikosea, hata kama kadi ilikuwa chumba cha nne, inarudi cha kwanza. Changu nilikitengeneza kwa boksi la viatu na vipande vya kadibodi, na vyumba nimeviandika: kila siku, siku mbili, siku nne, wiki, wiki mbili. Zipo programu za simu zinazofanya hesabu hiyo zenyewe na ni nzuri. Boksi nalipendea kitu kimoja tu: simu inabaki chumba kingine.

Kadi moja, jambo moja. Kadi yenye mistari nane ya maelezo si kadi, ni ukurasa wa notisi uliokatwa. Na jibu litamke au liandike kabla ya kugeuza. Ukigeuza kwanza ukasema "aa, nilijua", umerudi kwenye kalamu ya njano.

MAJIBU KWA WADAU

Maswali yamekuwa mengi kuliko nilivyotegemea, nashukuru. Najibu niliyoweza.

*"Mkuu hii ni kwa masomo ya kukariri. Sisi wa hesabu tunafanyaje?"*

Hesabu ndiko inakolipa zaidi, ndugu yangu. Angalia ulivyozoea: unachukua maswali ishirini ya aina moja, unayamaliza yote, kesho aina nyingine. Swali la tano unaacha hata kusoma, unabadilisha namba tu, kwa sababu unajua njia ni ile ile. Mtihani hauandiki juu ya swali "tumia njia hii". Kuchagua njia ndiyo nusu ya kazi, na nusu hiyo hujaifanyia mazoezi hata mara moja.

Doug Rohrer na Kelli Taylor walijaribu hili mwaka 2007 kwa maswali ya kutafuta ujazo wa maumbo. Waliofanya aina moja kwanza hadi iishe walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, waliochanganywa wakapata 60. Mtihani wa wiki iliyofuata: waliochanganywa 63, wenzao 20. Narudia, ishirini. Kwa hiyo jifunze aina moja hadi uielewe, fanya maswali matatu manne, kisha changanya na ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita. Mimi nilikuwa naandika kila swali kwenye kikaratasi bila kutaja sura linakotoka, natia kwenye bahasha, nachomoa kumi bila kuangalia. Na mfano uliotatuliwa kitabuni usiusome tu kwa kutikisa kichwa. Ufunike, utatue, kisha linganisha.

*"Mimi ni mtu wa kusikia, nikisoma kwa macho haviingii. Hizi mbinu zinanihusu?"*

Zinakuhusu dada yangu, na naomba usijifungie kwenye hilo kundi. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake waliupitia ushahidi wa ile imani kwamba kila mtu ana mtindo wake, wa kuona, wa kusikia, wa kugusa, na kwamba afundishwe kwa mtindo huo. Hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kuitetea. Mtu anaweza kupenda kusikiliza, hilo ni sawa. Lakini kinachoamua njia ni somo lenyewe: ramani lazima uione, matamshi lazima uyasikie. Ukipenda sauti, basi sikiliza, zima, kisha eleza kwa sauti yako ulichosikia bila kuangalia popote. Ni karatasi nyeupe ile ile, ila ya mdomo.

*"Nina orodha ndefu za kukariri na hazina mantiki yoyote. Nifanyeje?"*

Hapo mbinu za kuunganisha zinasaidia, mradi uzitunge mwenyewe. Nikupe yangu ya sayari, kuanzia karibu na jua: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptuni. Nilichukua herufi za kwanza nikatunga: "Zawadi zetu, dada mdogo, mbona zimeachwa uani nje?" Tatizo likawa Z ziko tatu. Ya kwanza nikaifunga na zebaki iliyo ndani ya kipimajoto: sayari iliyo karibu na jua kuliko zote ndiyo inayoipandisha. Zohali ana pete, na zawadi iliyoachwa mwishoni mwa sentensi nikaifanya pete. Tangu hapo sijaipoteza. Ila kumbuka, hii inakupa mpangilio wa majina tu. Kwa nini Zuhura ina joto kali kuliko Zebaki ingawa iko mbali zaidi na jua, sentensi yangu haikuambii. Hilo lazima uelewe, kwamba hewa yake nzito ya kaboni dioksidi inalizuia joto lisitoke. Ukiwa na swali la "kwa nini", liulize hadi lijibiwe, ndipo utunge vifungo kwa kile kinachobaki.

*"Nikikesha siku ya mtihani naingia nikiwa na vitu vibichi kichwani, na nafaulu."*

Sitabisha kwamba umefaulu. Rudi juu uangalie namba za dakika 5: kusoma kwa mkupuo kunasaidia kwa muda mfupi kweli. Swali ni kama mwakani utahitaji somo hilo kulijengea jingine juu yake. Halafu usingizi. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach waliwafuatilia wanafunzi wawili waliokariri silabi, wakati mwingine wakalala, wakati mwingine wakabaki macho kwa saa zile zile. Walipolala walikumbuka zaidi. Walikuwa wawili tu, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea huko huko: usiku ubongo unaendelea kuyashughulikia ya mchana. Ukikesha unaikatiza kazi hiyo, na kesho yake umakini nao haupo. Mimi usiku wa mwisho napitia karatasi zangu nyekundu kwa muda wa saa moja, nalala.

*"Simu inanishinda."*

Wengi wetu, mkuu. Akili ya kufanyia kazi hapo hapo ni ndogo: Nelson Cowan mwaka 2001 aliikadiria kuwa na nafasi ya vitu kama vinne tu kwa wakati mmoja. Ujumbe mmoja ukiingia unakisukuma kimoja kati ya hivyo vinne nje, na kukirudisha kuna gharama. Usitegemee kujizuia. Ipeleke chumba kingine, weka saa ya kawaida dakika 25, ikilia simama, nyoosha miguu dakika 5, rudi. Wakati wa mapumziko pia usiishike, kwa sababu dakika 5 zake hazijawahi kuwa tano.

*"Mwanangu yuko darasa la sita, anasoma kwa sauti ukurasa mzima bila kukosea, ukimuuliza hajui kitu. Nimwanzishie wapi?"*

Shikamoo mama. Asante kwa swali hili, limenigusa. Usimwongezee muda wa kusoma, anasoma vya kutosha. Mwache asome aya moja tu. Chukua kitabu, kifunge, mwambie: "Nifundishe, mimi sijui." Mwache aeleze kwa maneno yake, hata akikosea usimkatize. Akikwama, hesabu kimya hadi kumi kabla ya kumsaidia. Hizo sekunde ndizo anazojifunza. Kisha fungueni pamoja mwone kilichosahaulika, na yeye ndiye akionyeshe, si wewe. Aya tatu kwa jioni zinatosha. Kesho yake, kabla ya kufungua ukurasa mpya, muulize zile tatu za jana.

Siku za kwanza atakasirika, atasema alikuwa anajua. Ni hali niliyokuwa nayo mimi kwenye lile swali la pili, ila yeye ameiona akiwa bado mdogo, na nyumbani, hakuna anayemwekea alama.

Kisanduku changu leo kina kadi 14 za kupitia. Nikizimaliza nitarudi kwa wale wawili walioulizia kujifunza lugha ukubwani.